Ukipigika usijifiche: jinsi ya kushikilia washkaji na raha ndogondogo kipindi cha msoto

Hii naandika kwa ajili ya mtu ambaye kazi imekata, au genge limefungwa, au mshahara upo ila haufiki tarehe kumi, na sa hivi ameanza kuzima data mchana ili watu wasijue yupo. Nazungumzia Dar kwa sababu ndo nakujua, wa Mwanza au Mombasa atabadilisha majina ya sehemu tu, mambo ni yaleyale.

Nnachokisema ni kimoja. Hela ikiisha mtu ana shida moja, akijificha anakuwa nazo mbili, na hiyo ya pili ndo inayomaliza watu. Na sio maneno ya mtaani tu, Shirika la Afya Duniani mwaka 2025 lilitoa ripoti ikasema mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke na wakakadiria vifo kama 871,000 kila mwaka vinahusiana nao. Chuo cha Harvard kule Marekani kina utafiti ulioanza 1938, wamewafuatilia watu tangu ujana mpaka uzee, na kitu kinachojirudia humo ni kwamba wenye watu wazuri wa karibu ndo wanaozeeka na afya na furaha. Sasa we mwenye msoto ndo unawahitaji hao watu kuliko mtu yeyote, na ndo huohuo wakati unawakimbia. Twende taratibu.

HATUA YA KWANZA: mwambie mtu mmoja

Mmoja tu, usitangaze. Na usichague mwenye hela kuliko wote, chagua yule ambaye ukiongea anakaa kimya mpaka umalize. Kila mtu anaye mmoja wa hivo, anaweza kuwa mliyesoma naye, fundi wa pale kona, jirani mnayeshea bomba, dada wa kanisani au wa madrasa. Kinachowazuia watu wengi kutuma meseji ni kuogopa kuonekana wanapiga mzinga, yani mtu akiona jina lako kwenye simu anajua tayari unataka kukopa. Kwa hiyo liondoe hilo mwanzoni kabisa:

"Kaka mambo vipi. Aisee kazi ilikata tangu mwezi wa nane, sikusema. Sitaki hela, nataka tukae tupige stori tu kidogo. Jumamosi jioni upo?"

Au kwa mwanamke mwenzio: "Shoga yangu, nimechoka na mawazo, biashara imelala. Siombi kitu jamani, nije tu kwako tumenye mboga tuongee."

Alafu ukishasema huombi hela basi siku hiyo usiombe kweli, hata akikuuliza una shida gani, hata ukiona moyo unalainika. Siku ukihitaji hela ni siku nyingine na ni meseji nyingine, na iwe na kiasi kamili na tarehe, "naomba elfu kumi ntarudisha tarehe 5". Watu hawachukii kuombwa, wanachukia kuvutwa na salamu ndefu za babu na bibi wakijua mwisho wake nini.

Mkikutana sasa msiishie kwenye kulaumu maisha. Kuna kitu Zimbabwe wamekifanya nakipenda sana, daktari wa magonjwa ya akili anaitwa Dixon Chibanda mwaka 2006 alianza na bibi 14 pale Mbare, Harare, akawafundisha kukaa na mtu kwenye benchi nje ya zahanati na kumsikiliza. Benchi na bibi, basi. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha waliokaa na hao bibi walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida, na mpango wenyewe ukafika mpaka Zanzibar. Wanachofanya unaweza kufanya na mshkaji wako chini ya mwembe: unamwaga shida zako zote, yeye anasikiliza bila kukuhukumu, alafu mnachagua MOJA ya kuanza nayo, sio kubwa kuliko zote, ile inayoweza kusogea wiki hii. Kodi ya miezi sita haisogei wiki hii. Kumpigia mwenye nyumba na kumwambia ukweli inasogea. Mnakubaliana siku ya kurudi kuambiana imefikia wapi, na hiyo siku ya kurudi ndo muhimu, maana inakupa mtu anayekusubiri.

HATUA YA PILI: deni dogo ndo linalokata urafiki

Deni la milioni mbili watu wanalizungumza. Linalomfanya mtu abadilishe njia asipite mtaa fulani ni elfu ishirini ya mshkaji. Unamdai mtu elfu ishirini na mlikuwa mnakula sahani moja, miezi minne hajakupigia, unadhani ana dharau kumbe anaona aibu, na yeye anadhani umekasirika kumbe umeshaisahau. Nimeona urafiki wa tangu shule ya msingi ukifa kwa elfu kumi na tano na wote wawili wakilia pembeni.

Andika kwenye karatasi kila mtu anayekudai chini ya elfu hamsini. Mtumie kila mmoja meseji yake, sio ya kukopi na kupesti: "Dada, lile deni la elfu ishirini nalikumbuka. Sa hivi sina, ntakuwa nakutumia elfu mbili mbili kila Ijumaa. Nisamehe kwa kukaa kimya." Alafu tuma hiyo elfu mbili kweli Ijumaa inayokuja. Wengi watakwambia acha kwanza, jipange. Wachache watapokea na ni haki yao. Kwa vyovyote vile njia ya mtaa ule imefunguka.

Hapohapo nisiache hii mikopo ya kwenye simu. Nyingi zilikuwa zinaomba ruhusa ya kuona namba zote kwenye simu yako, ukichelewa kulipa wanawatumia ndugu na marafiki zako meseji za kukuaibisha, mpaka bosi wako wa zamani anajua. Novemba 2024 Benki Kuu ikatoa orodha ya majukwaa na aplikesheni 69 zinazokopesha bila leseni. Kama umeshaingia kwenye kausha damu ya namna hiyo, watangulie. Waandikie watu wako wa karibu "mkiona meseji ya deni langu kutoka namba msiyoijua msishtuke, nalijua nalishughulikia." Ukishaisema mwenyewe wale hawana tena cha kukutishia nacho.

HATUA YA TATU: michango

Hapa ndo watu wanalefti magrupu na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nadhani ndo mzizi wa yote kwetu. Rafiki anaoa, unawekwa kwenye grupu la kamati, kadi ya single elfu hamsini, double laki, kila siku asubuhi mweka hazina anapesti listi na jina lako liko na ahadi haina tiki. Hujala tangu jana. Unafanya nini? Wengi wananyamaza, grupu wanaliweka kimya, siku ya harusi simu imezimwa, na baada ya hapo mtu hawezi kuonana tena na huyo rafiki yake maisha yote. Kwa elfu hamsini!

Fanya hivi. Usiandike kwenye grupu, mpigie bwana harusi au bibi harusi mwenyewe, mapema, kabla ya vikao vya mwisho. Mwambie "mwanangu mi mwaka huu nimepigika, ahadi ile sitaiweza, ila nna mikono. Nipe kazi." Na kazi zipo kibao kwenye harusi: kusambaza kadi, kulinda vinywaji, kupokea wageni wa kutoka mkoa pale Magufuli stendi usiku wa manane, kupanga viti, kurudisha vyombo vya kukodi kesho yake wakati wote wamelala. Hiyo ya kurudisha vyombo hakuna anayeitaka, ichukue. Mtu aliyefanya hiyo kazi hasahauliki, yani bwana harusi atakutaja miaka kumi ijayo wakati waliotoa laki hata hawakumbuki.

Msiba ni rahisi zaidi maana msibani mchango mkubwa ni kuwepo. Nenda. Nenda hata kwa mguu. Chota maji, osha masufuria, beba viti, kaa na wafiwa siku ya tatu ya nne ambapo watu wameanza kupungua. Na jambo moja watu hawalisemi, msibani we mwenyewe unapona kidogo, kuna watu, kuna ubwabwa, kuna wazee wanaongea stori za zamani, na hakuna anayekuuliza unafanya kazi wapi siku hizi.

Magrupu mengine ambayo kila siku ni michango ya watu usiowajua, hayo lefti tu, hayana deni na wewe.

HATUA YA NNE: uwe na sehemu na saa

Ukiwa huna kazi siku zinafanana, Jumanne haina tofauti na Jumapili, na mtu anajikuta saa nane mchana bado kitandani. Tafuta sehemu moja ambayo kila siku saa fulani upo, watu wakuzoee, ukikosekana waulize. Kwa wanaume wengi ni kijiwe cha kahawa. Kikombe ni shilingi mia au mia mbili na kashata, na kwa hiyo pesa unapata gazeti la mwenzio, ubishi wa Simba na Yanga, habari ya kibarua cha kesho huko Tegeta, maana vibarua vingi vinatangazwa pale kwenye benchi kabla ya sehemu nyingine yoyote. Kama kuna bao ndo vizuri zaidi, mashimo 32 kete 64, mchezo mmoja wa wazee wanaojua unakula mchana mzima, na kichwa kinachohesabu kete hakina nafasi ya kuhesabu madeni. Hujui kucheza? Kaa pembeni uangalie. Wazee wa bao wanapenda sana kumfundisha kijana aliyekaa kimya, watakuanzisha na bao la kujifunza ambalo kila shimo lina kete mbili, ukiiva wanakupeleka kwenye bao lenyewe lenye nyumba na kunamua.

Kwa wakina mama sehemu ni kibarazani, na nasema hivi najua kuna umbea, lakini kibarazani ndo mnasukana bila kulipana, mnapakana hina, mnachambua mchele wa mwenzenu huku mtoto wako anacheza na wake. Kusukwa na rafiki masaa matatu kichwa chako kikiwa mapajani kwake, mnaongea bila kuangaliana usoni, kuna mambo yanatoka hapo yasingetoka popote. Ukiwa na msoto usijitoe kwenye hiyo zamu eti huna hela ya rasta. Suka nywele yako mwenyewe tatu kichwa au twende kilioni, inapendeza, na wewe msuke mwenzio.

Asiyependa makundi kabisa, na wapo, achague mtu mmoja na kutembea. Kila jioni saa kumi na moja mnazunguka mtaa mnarudi.

HATUA YA TANO: raha ndogo ziingie kwenye bajeti

Hapa watu wananibishia, wanasema huna hela ya unga unaongelea raha. Nakwambia hivi, raha ndogo ipange kama unavyopanga nauli. Mtu aliyejinyima kila kitu wiki tatu mfululizo ndo yule Jumamosi ya nne anavunja elfu thelathini yote usiku mmoja kwa hasira. Anayejipa kitu cha mia tano kila siku hafiki huko.

Na usisubiri mpaka ujisikie hamu. Kichwa chenye stresi hakina hamu ya kitu, ukikisikiliza utalala tu. Wanasaikolojia walianza kulifanyia kazi hili tangu miaka ya 1970, mtu mwenye sonona wanampangia vitu vidogo vya kufanya kwa siku na saa, anafanya hata kama hajisikii, hamu inakuja baadae ikifuata nyuma. Kwa hiyo andika kabisa, Jumatano saa kumi na moja, pantoni.

Pantoni nimeitaja makusudi. Nauli ya mtu wa miguu kuvuka Magogoni kwenda Kigamboni ni 200, unasimama pembeni upepo wa bahari unakupiga, meli kubwa zinapita kwenda bandarini, unavuka unanunua embe la chumvi na pilipili unarudi. Coco Beach kuingia ni bure, mihogo ya kukaanga na kachumbari mnagawana sahani moja wawili, ufukweni pale hakuna anayejua we una kazi au huna. Maktaba Kuu pale Mtaa wa Bibi Titi, ambayo Mwalimu Nyerere aliifungua tarehe 9 Desemba 1967, ina kimya ambacho nyumba ya kupanga ya chumba kimoja haina, unasoma magazeti na vitabu, na kwa anayetafuta kazi ni sehemu nzuri ya kuandikia barua. Mpira ukiwa hauna hela ya kibanda umiza sikiliza redioni na jirani, mtangazaji wa redio anautangaza kuliko unavyoonekana.

Nyumbani nako. Chai ya mchaichai, na mchaichai unaota popote, omba shina moja kwa jirani. Uji wa moto asubuhi wenye pilipili manga kidogo. Maandazi ya kujipikia Jumapili, unga nusu kilo, watoto wanakata maumbo, nyumba inanuka iliki. Panda mchicha kwenye ndoo iliyotoboka au kiroba, wiki tatu mpaka nne unachuma, na mimi naamini kabisa mtu aliyekosa kazi anahitaji kitu kimoja kinachokua kila asubuhi akiamka. Oga maji ya moto jioni, vaa shati safi lililopigwa pasi hata kama huendi popote. Shati lina nguvu sana aisee.

Ziwe za kugawana kadri inavyowezekana. Nusu muhogo na mtu mwingine inashibisha kuliko mzima peke yako, ijaribu.

HATUA YA SITA: zile zinazojifanya raha

Kwa kifupi maana unazijua. Mkeka: mwenye msoto ndo anayebeti ili atoke, ikichanika ana msoto na hasira. Ukiona unaficha mikeka yako kwa rafiki yako basi ishakuwa ugonjwa, mwonyeshe simu afute aplikesheni yeye. Pombe ya kununuliwa kila siku na watu: siku mbili nzuri, wiki mbili unakuwa mtu wa kukaa mezani kwa wengine. Kuangalia statasi za watu usiku saa saba, yule kanunua gari yule yuko Dubai, hiyo inakula bando na inakula moyo, bando hilohilo piga simu kwa mama yako.

HATUA YA SABA: mawazo yakizidi urafiki

Kuna mahali ambapo kahawa na mshkaji hawatoshi na sio kosa la mtu. Ukiona wiki mbili zimepita hulali au unalala tu, chakula hakipiti, hujali tena hata watoto, au umeanza kufikiria kwamba bora usingekuwepo, hapo nenda hospitali. Sio lazima uanzie hospitali kubwa, anza na kituo cha afya au hospitali ya wilaya, mwambie daktari wazi kwamba ni mawazo sio malaria, watakupeleka panapohusika, Muhimbili wana idara ya afya ya akili na Dodoma kuna Mirembe. Hii ya kufikiria kufa usisubiri wiki mbili, mwambie mtu leo leo, yule wa hatua ya kwanza, na mwambie akusindikize. Na we uliyeambiwa usiseme "jikaze" wala "muombe Mungu tu". Omba naye, alafu simama muende wote. Asilale peke yake usiku huo.

KAMA WEWE NDO RAFIKI

Mshkaji wako amepotea mwezi mzima? Usimtumie "umetutupa siku hizi". Nenda. Beba sukari kilo moja, mpe mke wake au mama yake mlangoni bila maelezo, kaa nusu saa ongea mpira, ondoka. Rudi wiki ijayo. Usimuulize kila mkionana "vipi umepata?" maana akipata utaijua tu. Mwite kwenye vitu visivyo na gharama, na ukimwita kwenye vyenye gharama sema mapema "mi nalipa" kwa sauti ya kawaida, msiwe mbele ya watu. Ukisikia kibarua mpe jina la mtu na namba, "nitakuulizia" haimsaidii. Na muombe naye kitu, akusaidie kuhamisha kabati, akufundishie mtoto hesabu, akuchekie simu inayosumbua, kwa sababu mtu anayepokea tu kila siku anachoka kukuona hata kama anakupenda.

MAMBO YAKIANZA KUNYOOKA

Hela ya kwanza ikiingia hata kama ndogo, tafuta ile karatasi ya madeni ya chini ya elfu hamsini. Anza na wale waliokwambia "acha kwanza jipange", usianze na wanaokupigia kelele, mpelekee mkononi kama yuko karibu. Mangi wa dukani aliyekuwa anakuandika kwenye daftari mlipe siku hiyohiyo kabla hujapita kununua kitu kingine, mwambie afute mbele yako. Kijiweni wanunulie kahawa wote waliopo, ni elfu mbili tatu hivi. Na saa yako ya jioni usiiache, ukishapata kazi ya mpaka saa kumi na mbili basi hamishia Jumapili, waambie kabisa ni saa ngapi utakuwepo ili wajue.